Jiwe Tamu la Chini ya Ukuta

Tulimzika Odera mwezi uliopita, kwao upande wa ziwa, na nafikiri mimi ndiye nilikuwa Mkipsigis peke yangu pale, mwanamke mzee na leso yake, nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema. Watoto wake walinipigia simu, na mpaka leo sijui namba yangu waliitoa wapi. Wakati wa watu kusema ulipofika, yule mwenye kipaza sauti akauliza kama kuna mtu aliyefanya kazi na marehemu zamani, ile kazi yake ya mawe. Nikainuliwa. Nikasema Odera alikuwa mtu wa kucheka, na alikuwa hapendi kudanganywa na rangi ya kitu. Watu wakacheka kidogo, nikakaa. Hayo ndiyo maneno ya matanga. Yale mengine huwezi kuyasema mbele ya watu wanaongoja chakula, kwa hivyo nilirudi nayo nyumbani jinsi nilivyoenda nayo, na tangu nirudi yananikalia kifuani kama chakula kisichoshuka.

Nilizaliwa wapi, baba alikuwa nani, hayo nayaruka, kila mtu alizaliwa mahali. Nataka mwaka mmoja tu. Ni mwaka ule nilioolewa wakati wa kuvuna mahindi, na kabla ya palizi nilikuwa tayari mzito wa mtoto wangu wa kwanza. Nyumba ya kina Wesley, mume wangu, ilikuwa pale ambapo majani chai yanaishia na nchi inaanza kuteremka kwenda Fort Ternan. Ukisimama mlangoni, nyuma yako ni kijani cha majani mpaka juu, na mbele yako, chini kabisa, ni moshi wa watu wakichoma mashamba ya miwa. Katikati hapo ndipo palikuwa na timbo la mawe. Ukuta wake ulikuwa mrefu kuliko mti wa mkaratusi, mweusi, na wanaume walikuwa wanakata mawe chini yake na mtaimbo na nyundo kubwa, huku sisi wanawake tukikaa pembeni kuponda kokoto. Wesley alikuwa anakata. Mimi nilikuwa naponda. Jioni tulikuwa tunarudi nyumbani weupe wote wawili kama watu waliotoka kwa posho mill.

Jikoni kwa mama mkwe wangu palikuwa na giza hata saa sita mchana. Vibuyu vya maziwa vilikuwa vimening'inia ukutani, na harufu ya ule mkaa wa kusafishia vibuyu ilikuwa imeingia mpaka kwa blanketi. Alikuwa shemasi kanisani, mwanamke wa maneno machache, na yale machache yalikuwa yameshanolewa. Siku aliyonikuta nakwangua udongo wa ukuta na ukucha, naulamba, hakupiga kelele. Alisema tu, "Rael, mwanamke wa kanisa halambi udongo kama ng'ombe." Nikasema, "Ndio, mama." Kisha akanipa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kikombe kimejaa, akanitazama mpaka nikamaliza. Lakini hamu ya udongo haiondoki na maziwa. Aliyewahi kubeba mimba anajua, na ambaye hajawahi, hakuna maneno ya kumweleza. Unasikia mvua inanyesha mbali, mate yanajaa mdomoni.

Aliyenionyesha ni Taprandich. Alikuwa jirani yetu, bibi ya Arap Maritim, mama wa watoto wengi, mrefu, mwenye pengo la chini kama wanawake wa zamani, na sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuwa ameniona nikinusa kokoto. Mchana mmoja, wanaume wakiwa wameenda kula kwa banda, akaniambia kwa nguvu ili wengine wasikie, "We msichana, njoo unishikie karai!" Karai lenyewe lilikuwa tupu. Tukazunguka lile rundo la kokoto, akasukuma matawi makavu, na nikaona shimo.

Sijui nikwambie vipi. Ule ukuta mweusi, chini kabisa karibu na ardhi, ulikuwa umekalia mkanda mweupe, unafika kama kwa kiuno hivi. Wanawake walikuwa wameuchimba ule mkanda kuingia ndani, na visu, na vijiko, na vipande vya panga, mpaka mtu mzima anaingia na kukaa amekunja miguu, na mwingine karibu yake. Ndani kabisa alama za vijiko zilikuwa mpya. Mdomoni mwa shimo zilikuwa zimelainika, za kina nyanya, kabla timbo halijakuwa timbo. Ndani palikuwa baridi kama ndani ya chungu. Taprandich alikata kipande, akakipuliza, akanitilia mdomoni mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu: mwenye mimba ya kwanza hajikatii, anakatiwa na mkubwa. Jiwe likashika ulimi. Lilikuwa na ladha ya barabara ya vumbi ikipigwa na mvua ya kwanza.

"Tamu?"

"Tamu, mama."

"Haya. Sasa funga mdomo. Mawe ya wanaume ni ya kujenga nyumba. Hii ni ya kujenga watu. Hawajui, na hawana haja ya kujua."

Nilikuja kujua baadaye kwamba shimo halikuwa moja. Wanawake wa upande wa mto walikuwa na lao, wa upande wa kanisa walikuwa na lao, na kila kikundi kilifikiri chake tu ndicho kimeingia ndani. Leo jiwe hilo linauzwa Kapsoit sokoni kwenye vifuko vya nailoni, Waluo wanaliita odowa, msichana ananunua akiongea na simu na hajifichi kwa mtu. Wakati wetu ilikuwa aibu. Mkwe angekutangaza kanisani. Kwa hivyo tuliziba midomo ya mashimo na matawi na kokoto, na wanaume wakaendelea kugonga juu.

Odera alikuja kabla ya mvua kubwa. Kulikuwa na kontrakta anajenga daraja barabara ya Fort Ternan, na mawe ya timbo letu yalikuwa yamerudishwa lori nzima, ati yamechanganywa magumu na yaliyooza. Sasa akatuma mtu wa kuyapima. Tulitegemea mzee mwenye miwani. Akashuka kijana mweusi tii, mwembamba, na mfuko wa shule mgongoni, anacheka hata kabla hajasalimu. Nyapara akamwambia achague mtu wa kumsaidia kutenga. Odera akatuambia sisi wanawake tugeuze migongo. Akagonga jiwe na nyundo ndogo, akagonga lingine, akauliza, "Gani mzima?" Wengine wakasema la kwanza, wengine la pili. Mimi nikasema, "La kwanza ni mzima. La pili liko na ufa ndani." Akaja mbele akanitazama. "Shemeji," akasema, "nani amekufunza?" Nikamwambia hakuna, ni kama kugonga chungu sokoni kabla ya kununua. Tangu siku hiyo nilikuwa shemeji, na nikaacha kuponda, nikaanza kupima.

Kazi yenyewe nilipenda, sitadanganya. Alikuwa na vitu vyake kwenye mfuko: msumari, shilingi, kipande cha chupa, kipande cha taili ya choo, sumaku iliyotolewa kwa spika ya redio, na kachupa kadogo ka dawa ya macho ambako ndani hakukuwa na dawa ya macho, kulikuwa na asidi. Unachukua jiwe. Kwanza ukucha. Ukucha ukiliuma, ni laini, weka kule. Ukucha ukishindwa, jaribu shilingi, halafu msumari. Jiwe likiweza kukwaruza chupa, hilo ni gumu kweli. Halafu unaigeuza taili upande wa nyuma, ule usiong'aa, unalisugua jiwe pale uone limeandika nini. Hapo ndipo nilishangaa. Jiwe jeusi linaandika nyeupe. Jiwe lingine jeusi vilevile, ndugu yake kabisa kwa macho, linaandika nyekundu kama damu ya ng'ombe, na sumaku inalivuta. Odera alikuwa anasema, "Rangi ni nguo, shemeji. Mvue nguo kwanza ndio umjue." Nikamwambia maneno hayo asiyaseme mbele ya mama mkwe wangu.

Mchana tulikuwa tunakula pamoja kwa banda, wanaume upande huu na mimi na sufuria upande ule, ugali na mboga ya isagek na maziwa. Siku moja Odera akatoa jiwe la kijivu alilookota huko chini karibu na reli, akaliweka katikati ya watu, akadondosha ile asidi. Jiwe likachemka. Likatoa povu, likapiga kelele ndogo kama mafuta kwenye kikaango. Arap Maritim, bwana ya Taprandich, akasukuma sahani yake nyuma.

"Hiyo iko na pepo."

"Si pepo, mzee. Ni mawe ya chokaa."

"Chokaa gani inatokota bila moto?"

"Sasa nyinyi watu wa maziwa," Odera akasema, "mkiona kitu inatoa povu mnafikiri ni pombe."

"Na nyinyi watu wa samaki," Wesley akajibu, "mkiona kitu iko na miba mnafikiri ni chakula." Wakacheka wote mpaka nyapara akatoka nje kuangalia. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ukuta ulikuwa nyuma yao wakicheka, na vijiwe vidogo vilikuwa vinateremka juu yake, tik, tik, tik, kama mtu anayemwaga mahindi polepole. Sikujali. Baadaye ndio mtu anajali.

Sasa mambo yalianza kuja moja moja. Wanawake waliokuwa wanachuma majani huko juu ya timbo walisema kuna mstari wa chai umelala, kama mtu ameukalia. Nyapara akasema ni fuko wanachimba. Maji yaliyokuwa yanatoka chini ya ukuta yakaanza kutoka meupe, kama ya kuoshea mchele. Mbuzi wa Arap Maritim, ambao siku zote walikuwa wanakimbilia kivuli cha ule ukuta, wakawa wanasimama juani. Na jioni moja nikiwa jikoni nachochea moto, nikamsikia Wesley nje akiongea na mama yake, yeye anakamua na mama ameshika kamba ya ndama.

"Mama, ukuta inakohoa."

"Kukohoa aje?"

"Unapiga mtaimbo hapa. Inakaa kidogo. Halafu inajibu, lakini inajibu mahali pengine."

Nilisikia maziwa tu yakiingia kwa kibuyu. Halafu mama mkwe akauliza, "Inajibu juu ama chini?"

"Chini."

"Omba Mungu," akasema, na sauti yake haikuwa ya kanisani. Nikashangaa kwa nini aulize juu ama chini. Nilikuwa mjinga bado, nilifikiri mimi na Taprandich na wale wengine ndio tulikuwa wanawake wa kwanza duniani kushikwa na hamu.

Odera alinikamata kwa mdomo, ndivyo ninavyosema. Nilikuwa natafuna huku napima, nimesahau. Akanyoosha mkono kama mwalimu. "Shemeji, toa." Nikatoa kipande mfukoni, kikiwa bado na alama za meno yangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka, akakipima kama mawe mengine. Ukucha ukazama. Kwenye taili hakikuandika, kilijipaka kama chaki. Akakihemea akakinusa, akaniambia ninuse, kinanuka udongo wa mvua. Akadondosha maji, yakanyweka yote. Akakitia ulimini, kikashika. Kisha akakitumbukiza kwa mkebe wa maji, tukaenda kula. Tuliporudi hakukuwa na jiwe ndani ya mkebe. Kulikuwa na uji.

Akachukua jiwe zuri la kengele, lile linalolia, lile la daraja. Akamwaga ule uji juu ya ubao, akaweka jiwe juu yake, akainua ubao upande mmoja kidogo tu, kama unavyoinua sahani upate mchuzi. Jiwe likateleza likaanguka miguuni pangu. Akageuka akatazama ukuta, kutoka juu akishuka mpaka chini, na ile sura yake ya kucheka nikaona imeondoka.

"Hii imetoka wapi?"

Nikainama nikaokota lile jiwe lililoanguka.

"Shemeji. Nakuuliza kwa heshima. Iko chini ya hiyo ukuta?"

"Iko."

"Mmetoa kiasi gani?"

Nilitafuta neno. "Nyumba," nikasema. "Nyumba ya kukaa watu wawili. Na ziko zingine." Akaweka mkono kichwani. Akasema mvua kubwa ikiingia kwenye hizo nyumba zetu, ule mkanda mweupe utakuwa uji wote, na ukuta hauna kitu kingine cha kukalia. Akasema hawezi kuficha, lakini ananipa mpaka kesho mchana niseme mwenyewe, kwa sababu neno hili likitoka mdomo wa Mjaluo wataliita neno la Mjaluo.

Nilienda kwa Taprandich jioni hiyohiyo, jua bado liko. Alikuwa anapepeta wimbi. Nikamweleza uji na ubao. Alipepeta mpaka nikamaliza, hakutawanya hata punje moja.

"Huo ukuta ulikuwa hapo kabla ya nyanya yangu," akasema. "Wamekula wote hapo, wamezaa, wamezikwa na uzee. Mjaluo anakuuliza swali moja, wewe unataka kumwaga chungu chote."

"Wesley yuko chini pale, mama."

"Na wangu hayuko chini? Maritim hayuko chini? Mimi naomba. Naomba, nanyamaza."

"Tuwaambie wanawake waache tu, basi."

"Nani ataacha? Wewe umeacha?" Jiwe lilikuwa mfukoni mwangu, na alijua. "Ukisema, Rael, hutawaonyesha shimo. Utawaonyesha wanaume mahali mama zao walikuwa wanajificha. Huo si mlango wa kufungua."

Nilitembea kurudi nyumbani nikamkuta Wesley ameinama juu ya karai la maji, anaosha vumbi shingoni. Alikuwa na shingo nyembamba wakati huo, shingo ya kijana. Nilisimama nikaitazama hiyo shingo, na nikajua nitasema. Sikufikiria wanaume wote wa timbo, ningependa kusema niliwafikiria lakini ni uongo. Ilikuwa ile shingo tu.

Kesho yake mchana niliwapeleka. Nyapara, Odera, Wesley, Arap Maritim, wote nyuma yangu. Nikasukuma matawi. Nyapara akaingiza kichwa, akatoka, akaingiza tena. Arap Maritim aliokota kijiko kimoja kilichokuwa ndani, kijiko cha nyumbani kwake, akakigeuza geuza, akakitia mfukoni. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Upande wa kokoto wanawake walikuwa wameacha kugonga. Taprandich alikuwa amekaa ameshika nyundo magotini, ananitazama, na baada ya siku hiyo hakunitazama tena.

Nyapara alihamisha wanaume wote upande wa juu, mahali mawe ni mabaya na kazi ni ngumu, akaziba yale mashimo na miiba. Kontrakta akaenda kutafuta mawe kwingine. Odera akaenda na kontrakta. Alikuja kuniaga, akaniachia kile kipande cha taili, akasema nisihofu, mvua ikinyesha nitaonekana nilisema kweli.

Mvua ikanyesha. Mvua ya kwetu unaijua, kila saa nane mchana kama mtu aliyeajiriwa, na barafu juu yake. Ikanyesha mpaka barabara ikawa mto. Ukuta ukasimama. Kila asubuhi watu walikuwa wanautazama kwanza, halafu wananitazama mimi. "Rael, shimo lako bado liko na paa?" Kisimani wanawake walikuwa wanateka maji nikifika wanaondoka, hata kama mtungi haujajaa. Wanaume walikuwa wanamwambia Wesley, "Bwana, leo bibi amesema tugonge wapi?" Hakuwahi kuniletea maneno hayo, niliyasikia kwa wengine. Yeye alikuwa anarudi na mikono imepasuka na mawe mabaya, anakula, ananiuliza mtoto amecheza. Mashaka yaliniingia. Nilikuwa napima upya kichwani, ukucha, maji, ulimi, ubao, naona kila kitu ni sawasawa, lakini ukuta umesimama. Nilikuwa sijaelewa kwamba ukipima jiwe linakwambia ni nini. Halikwambii ni lini. Odera mwenyewe sidhani alikuwa ameelewa, alikuwa kijana.

Mvua ikaisha. Hapo ndipo kila mtu alipumua, na nyapara akaanza kusema labda wiki ijayo warudi chini. Mimi nilikuwa katika siku za mwisho, siwezi kuinama, na sikuwa nimetia jiwe mdomoni tangu siku ya miiba. Nilikuwa mgonjwa nalo. Nilikuwa nachomwa na kiu ambayo maji hayaifiki, chakula nakirudisha, na mama mkwe alikuwa ananitazama huku anachambua maharagwe. Sikujua alikuwa ameongea na mtu. Jumapili asubuhi alirudi kutoka ibada ya kwanza, akaketi, hakuvua kitambaa cha kanisa. Jua lilikuwa kali, anga limeoshwa. Kila kitu kilikuwa kinatoa mvuke.

Lilianza kama lori linamwaga kokoto. Nikangoja limalize kumwaga. Halikumaliza. Liliendelea, likawa kubwa, vibuyu ukutani vikagongana, kuku wote wakanyamaza, halafu kikaja kishindo kimoja ambacho sikukisikia na masikio, nilikisikia na mtoto, alijirusha ndani yangu. Kisha kimya. Mama mkwe alikuwa amesimama, maharagwe yote chini.

"Wesley yuko wapi?"

"Yuko kwa ng'ombe, mama. Yule pale."

Alimtazama mwanawe mlangoni, mzima, na kamba mkononi. Ningetegemea amshukuru Mungu. Akaweka mikono yote miwili mdomoni akasema, polepole, "Basi ni Taprandich."

Wanaume walichimba pale ukuta ulipoangukia mpaka giza na kesho yake tena. Wesley alikuwa wa kwanza kushika mtaimbo na wa mwisho kuuweka chini. Hakuna mwanaume aliyekuwa amekufa, hata mmoja, hata mbuzi. Walimkuta Taprandich amekunja miguu, kwenye kile kipande cha nyumba kilichobaki. Miiba alikuwa ameisogeza vizuri kando, ili airudishe.

Matangani watu walikuwa wanaulizana alikuwa anatafuta nini kule, Jumapili, na timbo limefungwa. Wanawake wote wakasema kuni. Kila mmoja aliyeulizwa, kuni. Nilijifungua katikati ya siku hizo, msichana, kwa hivyo sikufika kaburini. Arap Maritim ndiye alikuja kwetu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, hakuingia kabisa, kofia magotini. Mama mkwe alimpa maziwa akatoka nje.

"Wanasema kuni," akaniambia. "Kwangu kuni zimejaa mpaka darini. Wewe ulisema ukweli mara moja. Alikuwa anafuata nini?"

Nilikuwa na mtoto kifuani. Nikasema, "Alikuwa ananiletea mimi, mzee. Mwenye mimba ya kwanza anakatiwa na mkubwa. Mama mkwe wangu alimwambia niko mgonjwa."

Maziwa hakuyagusa.

"Kwa hivyo alikuwa amekusamehe."

Ningeweza kusema ndio. Lilikuwa neno dogo, na alikuwa amenyoosha uso wake kulipokea. Lakini Taprandich hakuwa amenisalimu tangu siku ile, na desturi ni desturi, hata ng'ombe wa adui akikwama kwenye matope unamvuta. Angeweza kuja na lile jiwe, anitilie mdomoni, aondoke bila salamu. Nimemjua vya kutosha kujua angeweza.

"Sijui, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akanywa yale maziwa yote kwa mara moja, akavaa kofia, akasema anaenda, ng'ombe wake hawajakamuliwa na hakuna mtu mwingine nyumbani anayejua kuwatuliza.